Hesabu ya Waliobaki: Los Prisioneros walisema nini katika "El baile de los que sobran"

Kumi na saba gawanya kwa tano: tatu, baki mbili. Kila aliyepita darasa la nne anaikumbuka hiyo baki, tarakimu inayoandikwa pembeni mwa jibu kwa sababu haikupata pa kuingia. Kihispania kina kitenzi cha jambo hilo, nacho ni sobrar. Wali uliosalia sufuriani watu wakishashiba, huo sobra. Viti vilivyozidi idadi ya wageni, hivyo sobran. Mwaka 1986 kijana mmoja wa Santiago, mji mkuu wa Chile, alikichukua kitenzi hicho cha jikoni na cha darasani akakitumia kwa watu. Wimbo aliouandika unaitwa "El baile de los que sobran", na karibu miaka arobaini baadaye wanafunzi wa Chile bado wanaujua kwa moyo.

Nimeujaribu mara nyingi kuutia kwenye Kiswahili, na kila mara naanza kukwama kwenye jina lenyewe. Baile ni ngoma, dansi, hilo halina shida. Lakini los que sobran ni kina nani? Nikisema "waliobaki", msomaji anaweza kuwafikiria watu wenye bahati, kama wale waliobaki hai baada ya meli kuzama. Nikisema "waliozidi", kwetu aliyezidi anaweza kuwa amewazidi wenzake kwa akili au kwa mali. "Wa ziada" linanuka ghala. "Makombo" ni tusi, na wimbo huu hauwatusi watu wake hata mara moja. Mwishoni nimerudi kwenye "waliobaki", ila ninamwomba msomaji aisikie ile baki ya hesabu ndani yake: idadi iliyogawanywa, kila fungu likapata chake, na hawa hapa wakaandikwa pembeni.

Nasisitiza hesabu kwa sababu ndiyo njia ninayouelewa wimbo huu. Wengi huuchukua kama wimbo wa dansi wenye majonzi kidogo, na wengine kama wimbo wa kupinga udikteta. Yote mawili yamo. Lakini ukiyasoma maneno yake polepole utaona yanahesabu tangu mwanzo hadi mwisho: kumi na mbili, hakuna hata mmoja, kupungua, kuzidi, mwisho wa mwezi. Ni wimbo wa mtu anayepitia upya hesabu aliyofundishwa shuleni na kugundua kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kabla ya swali.

Mtu huyo ni Jorge González. Yeye, Claudio Narea na Miguel Tapia walikutana mwaka 1979 wakiwa wanafunzi wa sekondari moja ya umma huko San Miguel, eneo la watu wa kipato cha kawaida upande wa kusini mwa Santiago, lenye historia ya viwanda vya nguo na vya shaba. Shule yao ilibeba jina la Andrés Bello, msomi aliyezaliwa Caracas na kufia Santiago mwaka 1865, mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile na mwandishi wa kitabu cha sarufi ya Kihispania cha mwaka 1847 kilichowalenga watu wa Amerika. Kwangu hilo si jambo dogo. Wimbo tunaouzungumzia una mstari mmoja ambao nguvu yake yote ni ya kisarufi, na umeandikwa na kijana aliyekuwa akipita kila asubuhi chini ya jina la mwanasarufi.

Bendi waliyoiunda waliiita Los Prisioneros, yaani Wafungwa. Kaseti yao ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1984. Ya pili, iliyobeba wimbo huu, ilitoka Septemba 1986 ikiitwa Pateando piedras, maneno yaliyochukuliwa kutoka ndani ya wimbo wenyewe. Nitayarudia baadaye.

Wimbo unaanza usiku. Anatembea. Usiku mwingine wa kutembea tu, na mwisho mwingine wa mwezi sin novedad. Hayo maneno mawili yana uzito ambao mtafsiri akiwa na haraka huupoteza. Kwa juu juu ni "bila jipya". Lakini ndiyo maneno ambayo askari au mlinzi huyatumia anapotoa taarifa kwa mkubwa wake: hali ni shwari, hakuna la kuripoti. Katika nchi iliyokuwa chini ya jeshi tangu tarehe 11 Septemba 1973, kijana asiye na kazi anaufunga mwezi wake kwa lugha ya kambini. Mwisho wa mwezi kwa aliyeajiriwa una jipya, una mshahara. Kwake yeye mwezi umekwisha na hali ni shwari.

Kisha anasema kwamba rafiki zake wamebaki vilevile, "igual que tú", kama wewe. Mwaka huu michezo yao imekwisha, ile michezo kumi na miwili: "los doce juegos".

Hapa ndipo wasikilizaji wengi wa nje ya Chile hupotea. Michezo gani hiyo? Ni miaka ya shule. Tangu mageuzi ya katikati ya miaka ya 1960, mtoto wa Chile husoma miaka minane ya msingi na minne ya sekondari. Minane na minne, kumi na miwili. Rafiki wa mwimbaji wamemaliza shule mwaka huo. Hajasema wamehitimu, wala wamefaulu. Amesema michezo imewaishia, kama mtu anavyoishiwa na pesa au unga.

Ubeti unaofuata ndio unaotueleza kwa nini shule imeitwa mchezo. Tulipokuwa wadogo, anasema, "nos dijeron", walituambia: "jueguen a estudiar". Kihispania kikiweka jugar, kisha a na kitenzi kingine, maana huwa ni ile ya watoto wanaocheza baba na mama, wanaoigiza. Kwa hiyo watoto hawa hawakuambiwa wasome. Waliambiwa wacheze kusoma, wajifanye wanasoma. Pamoja na hayo wakapewa fundisho kwamba wanadamu ni ndugu na yafaa wafanye kazi pamoja. Wakasikiliza mawaidha, macho kwa mwalimu, na jua tele juu ya vichwa vyao. Hilo jua nalipenda mno. Ni kumbukumbu ya kweli ya uwanja wa shule, ya mtoto aliyeamini alichoambiwa, na mwimbaji hamcheki mtoto huyo. Anachosema ni kwamba haikuwa kweli sana. Michezo ile ile iliwaishia wengine kwa "laureles y futuros", mataji ya washindi na kesho nyingi, na ikawaacha rafiki zake wakipiga mawe teke.

Tazama jinsi futuro ilivyowekwa katika wingi. Wengine walipata kesho kadhaa, wachague. Beti mbili mbele, akitazama tope na saruji chini ya viatu vyake, anasema kesho iliyofika kwake si hata mojawapo, "ninguno", kati ya zile alizoahidiwa katika michezo kumi na miwili. Nyingi kwa hawa, sifuri kwa wale. Hata tope na saruji ni picha ya mahali panapojulikana: kando za Santiago barabara ya zege huishia ghafla na njia ya udongo ikaanza.

Sasa kuna tatizo la Kiswahili ambalo baadaye nililiona kuwa baraka. Kihispania kinatenga jugar na bailar. Sisi tuna kitenzi kimoja: kucheza. Tunacheza mpira, tunacheza karata, tunacheza ngoma. Wimbo huu umejengwa juu ya tofauti ya vitenzi hivyo viwili, kwa kuwa shule ilikuwa mchezo na maisha baada ya shule ni dansi. Ukitafsiri bila kuangalia, vyote vinakuwa kucheza na ukuta wa nyumba unaanguka. Suluhisho ni rahisi, kuweka "michezo" upande wa shule na "ngoma" upande wa kiitikio. Ila Kiswahili kinakupa pia kitu ambacho Kihispania hakina kwa urahisi huo: kuchezewa. Kwa miaka kumi na miwili walidhani wanacheza, kumbe wanachezewa. Sidhani kama kuna namna fupi zaidi ya kuueleza ubeti ule, na González hangeweza kuusema hivyo katika lugha yake.

Na ni nani aliyewachezea? Wimbo hausemi. "Nos dijeron", walituambia. Kihispania, kama Kiswahili, kinaweza kumficha mtenda ndani ya kitenzi. Walituambia, walidai juhudi, walidai kujituma. Wengine "walifundishwa siri ambazo wewe hukufundishwa", na wengine hao hao walipewa kwelikweli "esa cosa llamada educación", kile kitu kiitwacho elimu. Hakuna jina la Pinochet, jenerali aliyeitawala Chile, humu, wala la waziri, wala la mwalimu. Wapo wanaosema González aliogopa. Siamini. Bendi hiyo haikuwa ya kuogopa: mwaka 1988 ilijitokeza hadharani kuunga mkono kura ya hapana katika kura ya maoni ya tarehe 5 Oktoba, ile iliyoanza kumwondoa jenerali madarakani, na ikalipia kwa kukosa majukwaa ya kupigia. Nadhani aliliacha jina kwa sababu "wali-" ni kubwa kuliko mtu mmoja. Wimbo wenye jina la dikteta huzeeka pamoja naye. Huu uliachwa wazi.

Lakini ili kujua "siri" zile ni zipi, lazima tuingie kidogo kwenye historia ya shule za Chile.

Kuanzia mwaka 1980 serikali ya kijeshi ilianza kuzihamisha shule za umma kutoka wizarani kwenda kwa manispaa. Manispaa tajiri ikawa na shule zenye fedha, manispaa maskini ikabaki na shule maskini. Serikali ikaanza kulipa kwa kichwa: kila mwanafunzi aliyehudhuria darasani alikuja na ruzuku yake, na ruzuku hiyo ilikwenda hata kwa shule za watu binafsi. Hivyo zikatokea ngazi tatu. Juu kabisa shule za binafsi za wazazi wanaolipa kila kitu, katikati shule za binafsi zenye ruzuku, chini shule za manispaa. Mwaka 1981 sheria mpya ilivigusa vyuo vikuu pia, na ada ikawa jambo la kawaida. Mlangoni mwa chuo kikuu ulisimama mtihani mmoja wa taifa, uliofanywa na watoto wa ngazi zote tatu, kana kwamba walikuwa wamefundishwa jambo lile lile.

Hizo ndizo siri. Si siri za kichawi wala za kisiasa. Ni hisabati iliyofundishwa hadi mwisho wa kitabu, maabara yenye vifaa, lugha za kigeni, na pia namna ya kuzungumza na kuvaa inayomfanya mwajiri akuone wa kwao. Mtoto wa San Miguel alimaliza miaka kumi na miwili ile ile kwa kalenda. Alichokipata ndani ya miaka hiyo ndicho kilichopungua, na hakuna aliyemwambia kimepungua. Ubaya ambao wimbo unaulenga uko hapo. Mtu akinyimwa shule anajua amenyimwa. Hawa walipewa kitu chenye jina la shule.

Kisha uchumi ukaporomoka. Mwaka 1982 pato la Chile lilishuka kwa zaidi ya asilimia 10 katika mwaka mmoja, na wasio na kazi wakazidi mmoja katika kila watano. Serikali ilikuwa na mipango miwili ya kazi za dharura, mmoja tangu 1975 na mwingine wa 1982 uliolengwa kwa wakuu wa kaya. Watu walifagia mitaa na kuchimba mitaro kwa malipo madogo sana. Katika kaseti ile ile ya Pateando piedras kuna wimbo mwingine, "Muevan las industrias", unaodai viwanda viamshwe, na ukizisikiliza hizi mbili pamoja unaona baba na mwana. Baba alikuwa na kiwanda, kikafungwa. Mwana alikuwa na michezo kumi na miwili, ikaisha.

Ndiyo maana ya pateando piedras. Neno kwa neno ni kupiga mawe teke. Kwa Mchile ni picha ya mtu anayetembea bila pa kwenda, mikono mfukoni, akilisukuma kijiwe kwa ncha ya kiatu kutoka kona moja hadi nyingine. Ni uvivu machoni mwa wapita njia, na ni uchungu kwa anayetembea. Nilipofika hapo katika kutafsiri nilisimama, kwa sababu Dar es Salaam mahali wanapokaa vijana wasio na kazi panaitwa kijiwe, na kukaa kijiweni ni kazi ya asiye na kazi. Wachile wanalipiga teke, sisi tunalikalia, ni jiwe lile lile. Hakuna aliyeazima kwa mwenzake. Jiwe la barabarani ni kitu cha bure, na mtu asiye na chochote hushika kilicho karibu. Hata hivyo sikuthubutu kutafsiri "wakikaa kijiweni". Kijiweni kuna wenzako, kuna kahawa, mabishano ya mpira, vicheko. Kupiga mawe teke ni kutembea, na katika beti za wimbo huu watu wanatembea peke yao. Hawakutani mpaka kiitikio kifike.

Kiitikio kinapofika, sarufi inabadilika. Katika beti tumekuwa na "walituambia", "wewe", "rafiki zangu". Ghafla inakuja amri ya wingi: "Únanse al baile de los que sobran." Jiungeni na ngoma ya waliobaki. Anayeita ni mmoja wao. Kisha inafuata mistari miwili ambayo imekuwa ikiimbwa na mamilioni, na naamini wengi wao hawajawahi kusimama kuuchungulia wa kwanza: "nadie nos va a echar de más, nadie nos quiso ayudar de verdad."

Wa pili ni wazi. Hakuna aliyetaka kutusaidia kwa kweli. Wa kwanza ndio wenye mtego.

Kihispania kina msemo wa kila siku, echar de menos. De menos ni "pungufu". Kumuona mtu amepungua, yaani kumkumbuka asipokuwepo, kuona pengo lake. Msikilizaji anaposikia "nadie nos va a echar de..." sikio lake limeshamaliza sentensi: de menos. Hakuna atakayetukumbuka, hakuna atakayeona pengo letu. Huo ndio mstari ambao mtunzi wa kawaida angeuandika, na ungekuwa mstari wa kujihurumia. González analibadili neno la mwisho. De más. "Zaidi." Hakuna atakayetuona tumezidi.

Simama hapo. Hawa ni watu ambao jina la wimbo limeshasema wamezidi hesabu. Sasa anasema hakuna atakayewaona wamezidi. Hata kuzidi kwao hakuonekani! Mtu anayesumbua kwa kuwa mzigo angalau ametambuliwa. Hawa hawahesabiwi kama pengo na hawahesabiwi kama ziada. Wamo ndani ya taifa kama baki ile iliyoandikwa pembeni ambayo hakuna anayeirudia.

Ila ukisikiliza tena, msemo ule ule una upande wa pili, na sioni sababu ya kuchagua mmoja. Mwaliko ni wa kuja kwenye ngoma. Ndani ya ngoma hii hakuna atakayetuona tumezidi, kwa sababu sote tumezidi. Huulizwi tiketi wala cheti, wala shule uliyosoma. Mlango mmoja uliofungwa kwa kipimo na mwingine ulioachwa wazi, yote kwa neno moja, más. Kwa Kiswahili nimeishia na "hakuna atakayetuona tumezidi", na najua nimepoteza kivuli cha menos nyuma yake. Nimejaribu "hakuna atakayeona ziada yetu", ili "pengo letu" lisikike kwa mbali. Bado. Ni hasara ninayoikubali nikiwa na uchungu.

Mwisho wa maelezo ya maneno, hebu nitaje cuentos. Katikati ya wimbo González anapaza sauti kwamba anazijua hadithi fulani kuhusu kesho, na kwamba wakati alipojifunza hadithi hizo ndio uliokuwa wa usalama zaidi maishani mwake. Cuento ni hadithi ya mtoto, na ni uongo pia, kama sisi tunavyomwambia mtu asituletee hadithi. Hapa tafsiri haidai lolote. "Hadithi" inabeba yote mawili. Na tena hakuna dhihaka kwa utoto. Alidanganywa, na bado wakati ule alipodanganywa ndio aliojiona salama. Ukweli huo ni mgumu, na ameusema kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la sita anayaelewa.

Kuhusu muziki nitasema machache. Wimbo unafunguliwa na mbwa anayebweka, sauti iliyorekodiwa na kutiwa ndani ya mdundo, na yeyote aliyewahi kupita mitaa ya pembezoni usiku kwa miguu anajua mbwa huyo anambwekea nani. Mdundo ni wa mashine, mkavu, wa kuchezeka. Bendi iliyoanza na gitaa kali ilikuwa imehamia kwenye vinanda vya umeme. Kuna waliowalaumu kwa hilo. Mimi naona hakuna sauti nyingine ambayo ingefaa, kwani mdundo usiochoka wala kuhuzunika unaendelea kama mwezi unavyoendelea, na sauti ya González juu yake inaimba bila kulia. Ukiondoa maneno, watu watacheza. Ukiyarudisha, wataendelea kucheza, ndilo lililokusudiwa.

Kaseti ilitoka mwezi ule ule ambao, tarehe 7 Septemba 1986, msafara wa Pinochet ulishambuliwa kwa risasi na maroketi katika njia ya milimani nje ya Santiago. Alinusurika, walinzi wake watano wakafa, na hali ya kuzingirwa ikatangazwa. Kualika watu kwenye ngoma katika mwezi kama huo, katika nchi ambayo kwa miaka ilikuwa imezoea amri ya kutotoka nje usiku, si mwaliko mwepesi.

Udikteta uliondoka Machi 1990. Sheria ya elimu ilibaki: ilitangazwa tarehe 10 Machi 1990, siku moja kabla ya Pinochet kukabidhi madaraka, na ikafunga mfumo ule ndani ya sheria ambayo bunge lilihitaji wingi mkubwa wa kura kuibadili. Miaka kumi na sita baadaye, Mei 2006, wanafunzi wa sekondari waliingia barabarani na kuzishika shule zao. Watu waliwaita pengwini kwa sababu ya sare zao, koti la bluu nzito na shati jeupe. Walidai nauli ya wanafunzi, mtihani wa chuo kikuu bila malipo, na kufutwa kwa sheria hiyo. Wengi wao walizaliwa baada ya wimbo kutoka. Waliuimba kama wao ndio walioutunga, na kwa kweli ulikuwa wao: shule zilikuwa bado katika ngazi tatu, na miaka bado ilikuwa kumi na miwili. Wakaja wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 2011, wakauimba pia. Mwaka 2016 ndipo elimu ya juu bila ada ilipoanza kutolewa kwa wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini.

Oktoba 2019 nauli ya treni za chini ya ardhi za Santiago ilipandishwa peso 30 kwa saa za msongamano. Wanafunzi wa sekondari wakaanza kuruka vizuizi vya tiketi, na kuanzia tarehe 18 mji ukawaka. Kauli iliyoandikwa kutani kila upande ilikuwa hesabu: si peso 30, ni miaka 30. Rais Sebastián Piñera akatangaza hali ya dharura, askari wakarudi mitaani, na amri ya kutotoka nje ikarudi pamoja nao. Usiku watu walipaza wimbo huu kutoka madirishani na kwenye roshani. González hakuwa jukwaani. Kiharusi cha mwaka 2015 kilikuwa kimemwondoa kwenye muziki wa hadhara. Alipoulizwa kuhusu kusikia wimbo wake tena barabarani hakuonyesha fahari. Alisema inasikitisha sana kwamba bado unalazimika kuimbwa, na kwamba uliundwa katika hali ile ile uliyokuwa ukiimbiwa sasa, kukiwa na kutotoka nje na risasi.

Tarehe 25 Oktoba 2019 zaidi ya watu milioni moja walijaa katika uwanja wa Baquedano na barabara zinazouzunguka. Ni katika mji wenye wakazi wasiofika milioni saba. Wapo waliokuwa na miaka hamsini, waliomaliza michezo yao kumi na miwili mwaka wa kaseti ile, wamesimama karibu na watoto wao wenye sare. Wakafika kwenye kiitikio, nadie nos va a echar de más, na mpiga picha aliyekuwa juu ya jengo hakuweza kuwaingiza wote kwenye fremu moja.